Bango la Migongo Miwili

Kitambaa kikubwa ukikitungika barabarani bila kukitoboa, upepo utakichana kabla ya adhuhuri. Hilo nililijua kabla ya mengine yote ya kazi, basi nanyi lijueni kwanza, wajukuu zangu, pamoja na nyinyi wasichana mnaokuja kwangu Ijumaa hapa mtaani Ghulail kunywa chai ya maziwa na kunicheka. Mnacheka kwa kuwa nilisema nimekula na kulea kwa mieleka. Chekeni. Mkimaliza kaeni kitako.

Sikupigana mimi. Nilishona mabango.

Leo mkitaka kujua nani anapigana na nani, mnasugua kioo kwa kidole. Zamani za Jeddah yetu, wanamieleka wakija kutoka nje, mji ulipewa habari kwa bafta. Bafta nyeupe, pana kama ukuta wa chumba, imechorwa kwa rangi ya mafuta, inatungikwa juu ya njia kutoka nguzo hii hadi ile. Mchoraji wetu alikuwa Usta Hamza, fundi Mhadhrami, mwenye duka chini ya nyumba tuliyopanga. Yeye chini anachora, mimi juu ya paa nashona, maana nyumba za huku paa lake ni sakafu. Mwanamke hakushuka kukaa dukani na wanaume, na Usta hakupanda. Baina yetu palikuwa na kikapu na kamba. Kikapu kilipanda na bafta tupu, kikashuka na bafta iliyokwisha pindwa, kamba ndani ya upindo. Picha mbichi haiingii kikapuni. Hiyo niliivuta kwa kamba mbili ije kukauka juu, inapanda ukutani taratibu, na majirani wote wanaiona kabla ya mji. Miaka yote ile Usta nilikuwa namwona kutoka juu tu. Namjua kipara kuliko pua.

"Ya Ummu Rahma! Yalla, mtu wa nguzo amefika!" Usta aliniita kwa jina la binti yangu.

"Rangi haijakauka!"

"Ipepee!"

"Nikupokonye kilemba nipepee nacho?"

Kilemba hakuwa nacho siku hizo za joto, ndiyo maana nikakijua kipara.

Kukausha ndiko kulikonifundisha adabu. Bango langu la kwanza nililikunja na rangi bado ina utomvu, kwa haraka za kijinga. Walipolikunjua pale njiani, mgongo wa bingwa umebandikwa juu ya neno Ijumaa, na neno Ijumaa limeganda mgongoni mwa bingwa, kinyumenyume. Mwenye maonyesho, mtu wa suti na sigara, alipiga kelele mpaka nikazisikia huku juu. Usta Hamza akamwambia, "Unalia nini? Sasa hata akikimbia, watu wataijua siku."

Jioni akaninong'onezea kwa kikapu. Yaani aliniwekea kikapuni unga wa talki na nyoya la kuku. Nikajua maana yake. Unapaka talki kwa nyoya, rangi isiyokauka inashika unga, iliyokauka haishiki. Tangu siku ile sikukunja bango bila nyoya. Mwalimu asiyesema sana ndiye ninayemtaka. Nyinyi mkifundishwa mnataka mwelezwe mpaka hisia zenu.

Sasa matundu. Washonaji wengine walipasua bafta mstari mmoja tu, shwaa, basi. Mpasuo wa namna hiyo upepo ukiingia huendelea nao mpaka mwisho. Mimi nilikata nusu mwezi, tumbo lake chini, halafu nikaupigia ukingo uzi mara mbili. Upepo ukija, ule ulimi wa kitambaa unafunguka, upepo ukipita unajifunga. Na tundu haliwekwi juu ya herufi, wala shingoni mwa mtu, ukamfanya aonekane amechinjwa. Mimi nililiweka chini ya bega la kushoto, pale Usta alipopenda kutia kivuli cheusi. Kivuli kinalimeza. Mtu wa chini haoni kitu.

Mmesikia nasema mgongo na bega. Usta Hamza hakuchora nyuso. Mwenye maonyesho aligombana naye kila safari.

"Usta, nimekuletea picha ya bingwa. Nichoree uso wake, na meno yaonekane."

"Uso sichori. Kesho kiyama nitaambiwa, haya, mtie roho. Nitaitoa wapi?"

"Na mgongo?"

"Mgongo hauniulizi kitu."

"Watu watamjuaje bingwa?"

"Mwenye mshipi ni bingwa. Asiye na mshipi ni wa kuanguka. Halas."

Na wa kuanguka alikuwa mume wangu.

Kombo alikuwa hamali bandarini, mtu wa Tanga kama mimi, mkubwa wa kupitia mlangoni kwa ubavu. Siku moja alikuwa anamshushia Usta marobota ya bafta, mwenye maonyesho akamwona. Wale wageni wake walikuja wachache, hawawezi kuangushana wenyewe kwa wenyewe kila siku, watu wangechoka. Akauliza, "Huyu anaweza kuanguka?"

Usta akasema, "Kuanguka kila mtu anaweza."

"Kuanguka vizuri?"

Kombo akaliacha robota, akajitupa mwenyewe chali pale sakafuni, duka zima likatikisika, mkebe wa rangi nyekundu ukamwagika. Akapewa kazi.

Mimi sikumwona ulingoni hata siku moja. Wanawake hatukuingia. Nilishona bango, nikalitoboa, nikaliteremsha, na mwisho wangu ukawa hapo. Kombo akirudi nyumbani ndipo nilipopata maonyesho. Alilaza godoro chini, akajipiga mtama mwenyewe, akaanguka, akainuka, akawa yule Mturuki aliyemwangusha, akawa mwamuzi anayehesabu. Rahma wetu alikuwa mdogo, anapiga makofi mpaka anakosa pumzi. Mieleka niliyoiona maishani ni ile ya godoroni.

Na kwa kuwa Kombo ndiye aliyekuwa karibu, Usta alimvua shati akamsimamisha dukani na kumchora yeye. Akimaliza mgongo wa Kombo mweusi, alichukua rangi ya waridi akachora mgongo ule ule wa Kombo, akaufunga mshipi, akasema huyu ni bingwa kutoka Ulaya. Mji mzima haukujua. Mabega yale yale, kile kishimo kiunoni kile kile. Niliyeujua ni mimi tu, niliyekuwa nausugua kila jioni kwa mafuta ya karafuu. Nilicheka peke yangu juu ya paa. Mume wangu anapigana na mume wangu.

Jina pia hakupewa moja. Bango hili anaitwa Jitu la Senegal, lijalo ni Fahali wa Sudan. Mwenye maonyesho alisema mtu mmoja akianguka kila mara, watu watamhurumia, na mwenye kuhurumia hanunui tikiti.

Magazeti ndiyo yalikuwa kichekesho zaidi. Mwandishi mmoja alizoea kuja kwa Usta kunywa chai. Alimwuliza mwenye maonyesho nani atashinda, akaandika habari pale pale, kikombe mkononi, apate kwenda kulala mapema. Basi ikatokea mvua ya Jeddah, mnaijua, ikinyesha haina adabu, njia zote ni maji. Maonyesho yakafutwa. Kombo yuko kitandani na homa, nimemfunika mablanketi. Asubuhi Usta anacheka chini mpaka anakohoa, kikapu kinapanda na gazeti. Jirani yetu akatusomea: Jitu la Senegal limeanguka raundi ya tatu mbele ya umati mkubwa.

Kombo akatoa kichwa kwenye blanketi. "Kumbe hata nikilala naangushwa."

Hilo gazeti nililitandika kabatini chini ya vikombe. Sikujua kama vitu vinawekwa. Mabango yenyewe yalifuliwa. Ndiyo, yalifuliwa! Bafta ilikuwa ghali, maonyesho yakiisha tuliiloweka kwa mafuta ya taa na magadi, tukaisugua, Usta akachora upande wa pili. Bafta moja ilibeba mabingwa watatu, wanne, mpaka ikawa matambara ya kufutia brashi. Kazi ilikuwa kazi. Hakuna aliyesema, wekeni hili, mtakuja kulitafuta.

Neno jingine mlielewe, maana bila hilo mwisho wangu hamtauelewa. Kombo hakulitaja jina langu mbele ya watu. Kamwe. Akiwa dukani akinitaka, alikohoa, au aliita, "Wee wa juu!" Wenziwe hamali walimtania, "Kwani mkeo hana jina?" Akawajibu, "Jina la mke ni la ndani, kama godoro." Ndani, mlango ukishafungwa, ndipo nilipokuwa Zuhura. Aliliita taratibu, kama mtu anayeweka yai mezani. Huko nje nilikuwa mama wa fulani, dada, wa juu. Nyinyi leo waume zenu wanawatangaza kwenye simu na moyo mwekundu juu. Siwasemi vibaya. Nasema sisi tulikuwa hivyo.

Kazi ilikufa kama taa inavyoishiwa mafuta, hakuna aliyeizima. Zikaja mashine za kuchapa kwenye plastiki, uso mzima wa mtu, meno na yote, kwa muda wa kunywa kahawa. Usta Hamza alirudi kwao, tukasikia amefariki. Mimi nikashona mapazia, kisha macho yakakataa uzi. Kombo mgongo ulimuuma kwa kule kuanguka vizuri, akaacha mizigo, akawa dereva wa nyumba ya watu. Huko ndiko alikozoea, yes madam, no madam, gari tayari madam.

Na sasa ananiita mimi madam.

Amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na funguo, ukaja kwenye njia ya msikiti, ukafika kwangu. Asubuhi nikimpelekea uji anasema, "Ahsante, madam. Mwenye nyumba amerudi?" Mwenye nyumba ni yeye. Ananiheshimu sana. Afadhali angenitukana kama mume. Kitu kimoja tu hakijamtoka: kila siku anauliza, "Bango langu liko wapi?" Mimi namjibu, limefuliwa. Anatikisa kichwa. Baada ya sala anauliza tena.

Rahma sasa ni muuguzi Riyadh, anakaa mtaa wa Malaz. Akanipigia simu. Riyadh yote, anasema, imejaa picha za wanamieleka, watakuja wale wakubwa wa dunia, na penye ukumbi wamefungua chumba cha mabango na magazeti ya zamani, yeyote anaingia. Akanitumia picha. Mjukuu mmoja kati yenu aliikuza. Bafta ya njano kwa uzee, kumbe moja halikufuliwa. Watu wawili wamesimama wametupa migongo, mmoja mweusi, mmoja wa waridi ana mshipi. Nikamwambia mjukuu kuza hapo, chini ya bega la kushoto. Akakuza. Nusu mwezi.

Nilikaa chini.

"Mama, mlete," Rahma akasema. "Wagonjwa wetu wengine wakioneshwa kitu cha ujana wao, kwa muda kidogo wanarudi. Si wote, mama. Usijipe tamaa sana."

Tamaa nilijipa. Sikutaka mengi. Nilitaka aniite Zuhura mara moja, halafu asahau tena akitaka.

Tulikwenda kwa basi. Njiani aliniuliza kama mimi pia naenda kwa mwanangu. Nikasema ndiyo. Akasema, "Mungu akufikishe, madam, watoto ni rehema." Nikageukia dirishani, jangwa lote lile halina hata mti wa kutazama.

Riyadh nyuso zimetundikwa mpaka ghorofa za juu. Pua ya mtu mmoja kubwa kuliko duka la Usta, na picha inatikisika, inakonyeza jicho. Nilitafuta mshono, hakuna. Pale mlangoni nilisimama, miguu ikagoma, maana mwili wangu ulizoea kwamba mwanamke haingii. Rahma akanivuta mkono. "Mama, siku hizi ni ruhusa." Wasichana wa Kisaudi walikuwa wanapita na bisi mikononi. Sasa naruhusiwa.

Bango lilitungikwa kwa kamba zangu mwenyewe. Chini yake pameandikwa, Rahma akanisomea: wanamieleka wawili, hawajulikani. Binti wa Kisaudi aliyekuwa anawatembeza watu, msichana mpole, akaniuliza, "Khala, unalijua?"

"Nimelishona. Na huyu ni mume wangu."

Uso ukamng'aa. "Yupi kati yao?"

"Wote wawili."

Akamtazama Rahma, kumwuliza kwa macho kama mgonjwa ni mimi pia. Rahma akamweleza habari ya Usta. Binti akasikiliza vizuri, sina la kumlaumu. Akauliza kama nina picha ya Kombo ulingoni. Sina. Gazeti lenye jina lake? Gazeti lilisema Jitu la Senegal. Akashika kifua, akasema anasikitika, hawezi kubadilisha maandishi bila kitu cha kuonesha. Angebadilisha vipi? Mgongo hauna jina.

Basi nikamleta Kombo mbele.

"Hili hapa bango lako," nikamwambia.

Akalitazama. Watu wanapita, yeye anatazama, ameshika fimbo kwa mikono miwili.

"Nani hawa?"

"Watazame vizuri."

"Nawatazama. Wao ndio hawanitazami." Akasogea hatua moja, akasema kwa adabu, kama mtu aliyebisha hodi, "Geukeni, jamani, tuwaone."

Binti akacheka kidogo, kisha akaacha. Kombo alingoja. Alingoja kweli, kichwa amekiinamisha upande, kama anayempa mtu nafasi ya kumaliza shughuli yake. Mimi nilimwangalia yeye, na niwaambieni, nami nikajikuta nangoja wageuke.

Halafu akanyoosha mkono. Binti akasema, "La, ya haj, usiguse," lakini kidole kilikwisha fika. Kikapita begani mwa yule mweusi, kikashuka, kikaingia kwenye tundu. Kikasimama hapo. Kikazunguka ukingo polepole, uzi wa kwanza, uzi wa pili.

"Hili amekata mke wangu," akasema.

Rahma akanishika bega.

"Wengine wanapasua tu," Kombo akamwambia binti, kwa Kiswahili, kama anayeeleweka. "Mke wangu hukata nusu mwezi. Halichaniki. Walete upepo wautakao."

Nikamwuliza, "Mke wako yuko wapi?"

"Yuko juu." Akaonesha kwa fimbo dari la ukumbi, penye mataa. "Anangoja rangi ikauke. Usimwite, yuko kazini."

"Anaitwa nani?"

Akakitoa kidole tunduni. Akanigeukia. Na yalikuwa macho yake, wanangu, siyo yale ya kumtazama madam, yalikuwa macho ya Kombo mwenyewe, makali, ya kuwatazama hamali wenziwe waliomtania.

"Wewe mama, huna haya? Jina la mke wangu nikupe hapa, mbele za watu?"

Nikasema, "Samahani, baba."

"Usirudie."

Binti akauliza amesema nini. Rahma alikuwa analia. Mimi nilisema, amechoka, tunaondoka. Hatukungoja maonyesho. Tikiti za Rahma za kukaa ndani, ambapo ningeona mieleka kwa mara ya kwanza nje ya godoro, akampa mlinzi mmoja.

Mnataka niwape la kujifunza, kwa kuwa mwaniona mzee nimekaa. Kateni matundu. Pakeni talki. Mkichora mtu, mchoreni uso, na kiyama tutajibizana huko huko. Zaidi ya hapo sina, na hayo yenyewe hayakunisaidia.

Sijui kama siku ile jina langu alilificha au hakuwa nalo. Nililala nalo swali hilo Malaz, nikarudi nalo Jeddah. Nikajiambia, Zuhura, ulikosea mahali, ulimwuliza hadharani. Basi hapa Ghulail nikafunga mlango, nikafunga na dirisha. Nikalilaza godoro chini, kama zamani, nikamkalisha juu yake, nikakaa naye, watu wawili tu. Nikamwuliza taratibu, "Kombo, hapa hakuna mtu. Mke wako anaitwa nani?"

Alifikiri sana. Akanionea huruma, nadhani, maana alinipapasa mkono.

"Kamwulize mwenyewe, madam," akasema. "Yuko juu."